Mshtakiwa mwenzake amegeuzwa shahidi wa serikali: waliobaki kizimbani wana haki gani?

Mwalimu wa Njoro

Hamjambo nyote. Naandika nikiwa Njoro, Kaunti ya Nakuru, na nawaomba mawakili pamoja na watu waliowahi kufanya kazi mahakamani wanisaidie kuelewa jambo ambalo limetukosesha usingizi nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika cha wakulima ambacho sitakitaja. Mwaka jana magunia ya mbolea yaliyokuwa ghalani hayakulingana na yale yaliyoandikwa vitabuni, na watu wanne wakakamatwa: mdogo wangu, mhasibu wa chama, dereva wa lori na mlinzi wa usiku. Walishtakiwa pamoja kwa kosa la wizi wa mtumishi, yaani mtumishi kumwibia mwajiri wake. Wiki tatu zilizopita, kesi ilipotajwa, kiongozi wa mashtaka alisimama akaiambia mahakama kwamba anaondoa mashtaka dhidi ya mhasibu, akaomba hati ya mashtaka irekebishwe ili ibaki na majina matatu. Hakimu aliuliza kama kuna pingamizi. Waliobaki hawana wakili, wakatazamana tu. Mhasibu akashuka kizimbani, na kabla hatujafika langoni tukawa tumeshasikia kwamba sasa yeye ndiye shahidi mkuu wa upande wa mashtaka. Mniwie radhi kwa kusema hivi, lakini mbolea ile haikuweza kutoka ghalani bila sahihi yake.

Kuna jambo la pili linaloniuma zaidi. Siku mdogo wangu alipokamatwa, afisa aliyekuwa akichunguza kesi alimwambia kwamba yeye ni mtu mdogo katika sakata hili, na kwamba akieleza yote anayoyajua atawekwa upande wa mashahidi na hatashtakiwa. Aliandika kurasa mbili, akatia sahihi, bila wakili na bila mtu yeyote wa nyumbani kuwapo. Kesho yake alifikishwa mahakamani akiwa mshtakiwa wa kwanza.

Ninachotaka kujua ni kama Katiba yetu inaruhusu mtu mmoja asamehewe ili awatie wenzake hatiani, kama waliobaki wana haki ya kuyaona makubaliano hayo, na kama ile ahadi aliyopewa mdogo wangu ina uzito wowote mbele ya sheria.

Wakili wa Kisumu

Dada mwalimu, pole sana kwa yaliyowafika. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako limefunga pamoja mambo mawili ambayo ni lazima yafunguliwe: msamaha aliopewa mhasibu na mtu mwenye mamlaka ya kuutoa, na ahadi aliyopewa mdogo wako na mtu asiyekuwa na mamlaka hayo.

Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010 kinamkabidhi Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kuanzisha kesi za jinai, kuchukua kesi iliyoanzishwa na mwingine, na kuikomesha kabla ya hukumu kutolewa. Haombi idhini ya mtu ili aanzishe kesi, wala hapokei amri kutoka kwa yeyote. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kimemtia hatamu. Anapoutumia uwezo huo ni lazima azingatie maslahi ya umma, maslahi ya utoaji wa haki na haja ya kuzuia matumizi mabaya ya mkondo wa sheria, na hawezi kuikomesha kesi bila ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo naam, sheria inaruhusu mshtakiwa mmoja aondolewe na kisha aitwe kutoa ushahidi, lakini hakimu alipouliza kama kuna pingamizi hakuwa akitimiza ada tu. Hapo ndipo wale watatu wangeuliza kwa nini huyu anaondolewa, na kwa masharti gani. Kutouliza siku ile hakujawafungia mlango.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya mashahidi wenyewe. Mara nyingi mashtaka ya namna hii huondolewa kwa kutumia kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mtu anayeondolewa kwa njia hiyo kabla ya kuitwa kujitetea huwa ameachiliwa, bali hakupatikana bila hatia. Anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Kinga ya kutoshtakiwa mara mbili, iliyo katika kifungu cha 50(2)(o) cha Katiba, inamhusu aliyewahi kuhukumiwa au kuondolewa hatia kwa kosa hilo, na mhasibu wenu hayumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Maana yake ni kwamba atapanda kizimbani akijua kuwa asiposema yanayotarajiwa, hati ya mashtaka yaweza kuchapishwa tena ikiwa na jina lake. Hiyo si kinga. Ni kamba iliyolegezwa tu, na mshikaji wa kamba ndiye aliyemwita atoe ushahidi. Wakili yeyote mzuri wa utetezi atataka mahakama ione kamba hiyo.

Ningependelea sana njia nyingine ambayo sheria yetu inayo. Tangu marekebisho ya mwaka 2008, kifungu cha 137A na vinavyokifuata hadi 137O vya Sheria hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai vinaruhusu makubaliano kati ya upande wa mashtaka na mshtakiwa: kosa kupunguzwa, shtaka kuondolewa, au ahadi kwamba mashtaka mengine hayatafuatwa. Makubaliano hayo huandikwa. Mshtakiwa hufafanuliwa yaliyomo katika lugha anayoielewa, mahakama haishiriki katika mazungumzo yenyewe, na hakimu humhoji mshtakiwa mbele ya wote ili ajiridhishe kwamba ana akili timamu, amekubali kwa hiari na anajua haki anazoziacha. Kanuni za kuongoza jambo hili zilitolewa mwaka 2018. Kama mhasibu angepita njia hiyo, angekiri kosa dogo, akahukumiwa kwanza, kisha akaja kutoa ushahidi akiwa hana tena cha kuogopa wala cha kutumainia. Mahakama zinazofuata mfumo wa sheria tulioupokea kutoka Uingereza zimependelea utaratibu huo kwa miaka mingi, na sababu yake unaiona mwenyewe.

Je, ushahidi wa mshiriki wa kosa unakubalika? Unakubalika. Kifungu cha 141 cha Sheria ya Ushahidi kinasema mshiriki anaweza kuwa shahidi, na hukumu haiwi batili kwa sababu tu imejengwa juu ya maneno yake pekee. Lakini mahakimu na majaji wetu wamejizoeza kujionya wenyewe kabla ya kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mshirika yasiyoungwa mkono na ushahidi mwingine, kwa kuwa mtu anayejiokoa ana kila sababu ya kumzamisha jirani.

Ndipo tunafika kwenye swali lako la kuyaona makubaliano. Kifungu cha 50(2)(j) cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea na kuufikia ipasavyo, na herufi ya (k) inampa haki ya kuupinga. Sioni vipi mtu ataupinga ushahidi wa shahidi ikiwa amefichwa bei ambayo shahidi huyo amelipwa. Nchini Marekani suala hili lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1972 katika kesi ya Giglio, na utashangaa jinsi linavyofanana na lenu: karani wa benki aliyeshiriki katika ulaghai aliahidiwa na kiongozi mmoja wa mashtaka kwamba hatashtakiwa endapo atatoa ushahidi, na kiongozi wa mashtaka aliyekuja kuendesha kesi hakuijua ahadi hiyo, akaiambia mahakama kwamba haikuwapo. Hukumu ilifutwa. Majaji walisema ahadi ya ofisa mmoja ni ahadi ya ofisi nzima, na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilistahili kuijua lilipopima kama karani yule ni wa kuaminika. Uamuzi huo haufungi mahakama ya Nakuru, ila hoja yake unaweza kuitumia.

Kuhusu kurasa mbili za mdogo wako, hapa mna nguvu kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwamba ana haki ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na asilazimishwe kukiri. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinakataa maungamo yoyote isipokuwa yaliyotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mchunguzi wa kesi hiyo na mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, tena akiwapo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Juu ya hayo, kifungu cha 26 kinayatupa maungamo yaliyotokana na vitisho, ushawishi au ahadi kutoka kwa mwenye mamlaka. Kuambiwa kwamba ukieleza yote hutashtakiwa ni ahadi ya aina hiyo hasa. Upande wa mashtaka ukijaribu kuzitoa karatasi hizo, apinge papo hapo, na mahakama itaendesha kesi ndani ya kesi ili iamue zilipatikana vipi.

Karani Mstaafu, Kitale

Namuunga mkono wakili, nami naongeza niliyoyaona kwa macho, maana nilikaa chini ya meza za mahakimu miaka mingi, Nakuru kwanza na baadaye huku Kitale.

Vijana wa leo hawajui ilivyokuwa kabla ya 2010. Mkuu wa Sheria aliweza kupeleka karatasi moja mahakamani, ikasomwa, na mshtakiwa akaenda zake bila mtu kuelezwa sababu. Jina la karatasi hiyo lilikuwa la Kilatini, nolle prosequi, na sisi makarani kila mmoja alilitamka alivyojaliwa. Watu wa Nakuru wanaikumbuka ile ya Mei 2005. Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, alikuwa amepigwa risasi mwezi Aprili katika shamba la Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita, na Thomas Cholmondeley akashtakiwa kwa mauaji. Mashtaka yaliondolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Hasira iliyofuata, hasa miongoni mwa Wamaasai, haikuwa ndogo. Mwaka uliofuata Cholmondeley alishtakiwa tena kwa kifo cha mtu mwingine, Robert Njoya, na mwaka 2009 akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia.

Ninalitaja hilo kwa sababu ya kinaya kimoja. Katika kesi hiyo ya pili Mahakama ya Rufani, mwaka 2008, ilisema wazi kwamba upande wa mashtaka una wajibu wa kumpa mshtakiwa ushahidi wake mapema, na kwamba mshtakiwa hawezi kulazimishwa kuufunulia upande wa mashtaka utetezi wake. Yaani mtu aliyeondolewa mashtaka kwa namna iliyowakera wananchi ndiye ambaye kesi yake imewaachia watunza ghala na madereva uamuzi wa kushika mkononi wanapodai nakala za taarifa za mashahidi.

Katiba mpya ilipozinduliwa Agosti 2010, haikupita miezi mingi kabla suala la kuondoa mashtaka kufika Mahakama Kuu hapa Kitale, mbele ya Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu. Msimamo wake ulikuwa kwamba serikali haiwezi tena kuikomesha kesi kwa kutamka tu. Itoe sababu, na mahakama izipime. Mwalimu, nenda kwenye masjala na mdogo wako, mkiwa na nambari ya kesi, muombe kusoma faili. Tazameni mwenendo wa siku ile mhasibu alipoondolewa. Angalieni ni kifungu gani kiliandikwa, na kama kuna sababu yoyote iliyoandikwa.

Mkulima wa Molo

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naomba niwe sauti ya upande ambao bado haujasemewa. Mimi ni mwanachama wa ushirika, si huo wa mwalimu, na tumewahi kuibiwa. Wizi wa ofisini hauna shahidi aliyepita njiani. Wanaojua ni wale wale walioshiriki, na kama hakuna hata mmoja atakayepewa sababu ya kufungua mdomo, basi mbolea yetu itaendelea kutoweka na kesi zitaendelea kuanguka. Siungi mkono uonevu, ila haki za mshtakiwa zisisomwe kana kwamba aliyeibiwa hayupo chumbani. Katiba yenyewe, katika kifungu hicho hicho cha 50, imeagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na sheria hiyo ikapitishwa mwaka 2014.

Kinachonitatiza katika kesi hii ni uchaguzi wa aliyesamehewa. Kama maelezo ya mwalimu ni sahihi, mbuta mkubwa ameachiliwa ili omena wadogo wanaswe. Nilivyoelewa mimi, makubaliano haya yana maana pale mtu wa chini anaposaidia kumfikia wa juu. Hapa mwenye vitabu anasamehewa ili mlinzi wa usiku afungwe. Na je, magunia yetu? Katika kesi za ufisadi najua sheria ya mwaka 2003 inaruhusu kulegezewa kwa mtu aliyeeleza ukweli wote na kurudisha mali aliyoichukua. Huyu mhasibu amerudisha nini?

Mwalimu wa Njoro

Nawashukuru sana. Mzee wa Molo, wala sijakukasirikia. Baba yetu naye ni mwanachama wa ushirika huo huo, na nyumbani kesi hii imetugawanya. Hakuna tulichosikia kuhusu mali kurudishwa.

Wakili, kuna jambo bado linanisumbua. Umesema ahadi ya ofisa mmoja ni ahadi ya ofisi nzima. Basi mbona ahadi ya yule mpelelezi isimfunge kiongozi wa mashtaka, na mdogo wangu naye aachiliwe kama mhasibu?

Wakili wa Kisumu

Swali zuri, na ni hapo ambapo watu wengi huumia. Katika ile kesi ya karani wa benki, aliyetoa ahadi alikuwa kiongozi wa mashtaka, mtu wa ofisi yenye mamlaka ya kushtaki. Kwetu, mpelelezi ni afisa wa polisi. Anachunguza, anapeleka faili, na uamuzi wa kushtaki unafanywa na ofisi nyingine ambayo Katiba imeiweka mbali naye makusudi. Hana kinga ya kugawa, kama vile mtu asivyoweza kuuza shamba la jirani. Kwa hiyo sitarajii mahakama imwamuru Mkurugenzi aiheshimu ahadi hiyo kwa kumwachilia mdogo wako. Ninachotarajia, mkithibitisha kwamba ahadi ilitolewa, ni kwamba serikali isinufaike nayo, yaani karatasi alizoziandika zisitumiwe. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinataka ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Tofauti kati ya kuachiliwa na kutotumiwa kwa maneno yako ni kubwa, na mdogo wako aielewe kabla hajaweka matumaini yake mahali pasipofaa.

Hata pale ahadi inapotolewa na mwenye mamlaka, ikikosa maandishi huzaa balaa. Wengi wenu mnakumbuka kesi ya Bill Cosby huko Pennsylvania. Mwaka 2005 kiongozi wa mashtaka wa wilaya, Bruce Castor, alitangaza kwamba hatamshtaki. Kwa kuwa hakuwa na hofu ya kushtakiwa tena, Cosby hakuweza kukimbilia haki ya kunyamaza katika kesi ya madai iliyofunguliwa na mwanamke aliyemlalamikia, akajibu maswali chini ya kiapo, na majibu yake yalimchafua. Miaka kumi baadaye kiongozi mwingine wa mashtaka alimfungulia kesi ya jinai, na maneno yale yale yakasomwa mahakamani. Alihukumiwa mwaka 2018. Tarehe 30 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilifuta hukumu na kuzuia kesi isirudiwe, kwa hoja kwamba serikali haiwezi kumfanya mtu aiache haki yake ya kikatiba kwa kutegemea ahadi ya serikali, kisha ikayatumia majibu yake kumfunga. Wapo waliofurahi na wapo waliolia, na mimi nawaelewa zaidi waliolia, maana mlalamishi hakuwa na mkono wowote katika ahadi ile ila ndiye aliyebeba hasara yake. Kama ingeandikwa waziwazi tangu mwanzo ni nini kilichoahidiwa, huenda mambo yangekwenda vingine kwa pande zote.

Mzee wa Molo ameuliza maswali ambayo kiongozi wa mashtaka anapaswa kuyajibu. Chini ya utaratibu wa makubaliano niliouelezea, upande wa mashtaka unatakiwa kushauriana na mchunguzi, na aliyeathirika apewe nafasi ya kutoa maoni yake pale inapowezekana. Ukimwondoa mtu kimyakimya, hayo yote yanarukwa. Na sheria imekataa kabisa makubaliano hayo katika maeneo fulani: hayahusu makosa ya Sheria ya Makosa ya Kingono, wala mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Sisi wa Kisumu tunalifahamu hilo kwa uchungu. Mtoto Samantha Pendo alijeruhiwa na polisi nyumbani kwao Nyalenda Agosti 2017, akafa akiwa na miezi sita. Uchunguzi wa mahakama ulimalizika mwaka 2019, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati huo, Noordin Haji, akaidhinisha maafisa wa polisi washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Mtu akishtakiwa kwa kosa la aina hiyo hawezi kupunguziwa shtaka kwa kutumia kifungu cha 137A. Lakini tazama mwanya uliobaki: mashtaka dhidi yake bado yanaweza kuondolewa chini ya kifungu cha 157, mradi mahakama ikubali. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ruhusa ya mahakama isigeuzwe kuwa muhuri wa kugonga tu.

Mwalimu wa Njoro

Tumerudi kutoka masjala leo mchana. Mwenendo wa siku ile una mistari miwili: mashtaka dhidi ya mshtakiwa wa pili yameondolewa chini ya kifungu cha 87(a), na hakuna pingamizi. Hakuna sababu iliyoandikwa. Hakuna makubaliano katika faili. Taarifa ya mhasibu aliyoiandikisha polisi alipokamatwa imo kwenye orodha ya nyaraka, ila waliobaki hawajawahi kupewa nakala. Dereva naye ametuambia kwamba siku ile hakuelewa hata kilichokuwa kikisemwa, kwa sababu kilisemwa kwa Kiingereza.

Kesi itatajwa Alhamisi. Wafanye nini wakiwa hawana wakili?

Wakili wa Kisumu

Kwanza, kabla ya jambo lolote, waombe wakili. Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba kinawapa haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa, na hakimu ana wajibu wa kuwaeleza haki hiyo mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeweka taasisi ya kushughulikia maombi hayo. Watatu wasio na wakili wanaokabiliana na shahidi aliyekuwa mshtakiwa mwenzao, kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika miaka saba, wana hoja ya kutosha ya kuomba.

Pili, waombe nakala ya taarifa zote za mhasibu, ile ya kwanza na yoyote aliyoiandikisha baada ya kuondolewa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo silaha yao kubwa. Kama ya kwanza ilisema hajui lolote na ya pili inajua kila kitu, hakimu atataka kujua kilichomfumbua macho. Waombe pia upande wa mashtaka useme wazi, kwa maandishi, ni nini mhasibu ameahidiwa, na kama hakuahidiwa kitu, useme hivyo ili iandikwe kwenye mwenendo. Dereva aombe mkalimani. Hiyo ni haki yake chini ya herufi ya (m) ya kifungu hicho, na hatozwi senti.

Mdogo wako asizungumze na mpelelezi wala na mhasibu kuhusu kesi hii. Asimpigie simu, asimtumie mtu. Mshtakiwa anayemfuatafuata shahidi hunyang'anywa dhamana, hata kama alikuwa akimsihi tu aseme kweli.

Karani Mstaafu, Kitale

Haya yote wayaandike katika karatasi moja, watie sahihi watatu, wapeleke nakala masjala na nyingine kwa ofisi ya mashtaka kabla ya Alhamisi, na zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo husahauliwa hakimu akihamishwa.

Mwalimu wa Njoro

Je, barua hiyo ni lazima iwe ya Kiingereza? Dereva na mlinzi wangependa kutia sahihi kitu wanachokielewa.

Karani Mstaafu, Kitale

Si lazima. Lugha ya mahakama ya hakimu ni Kiingereza au Kiswahili, ndivyo kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinavyosema, na nimepokea barua za Kiswahili nyingi mno. Andikeni kwa Kiswahili. Hakimu akiwauliza Alhamisi kama mna la kusema, dereva mwenyewe ainuke aisome.